Kaptura Iliyotundikwa Msumarini

"Hii kintu mimi sigusi," alisema Mama Thérèse, na mikono yake miwili ikaenda nyuma ya mgongo. "Ufue kwanza, papa Sidney. Halafu njo ulete."

Sidney alikuwa amesimama kwenye ngazi ya baraza na mfuko wa plastiki mkononi, tai shingoni, gari lake likinguruma getini. Alikuwa amekwisha kueleza mara mbili kwamba ndani ya mfuko hamna uchafu wa kutisha, ni vumbi la mlimani na jasho kidogo tu. Mama Thérèse akamjibu kwamba jasho halina kidogo. Jasho la mwanamume mzima aliyekalia baiskeli saa sita, likafungiwa kwenye buti la gari tangu Jumamosi hadi Jumanne, hilo si jasho tena, hilo ni mtu wa pili, na mtu huyo alikuwa amefika barazani kabla ya mwenyewe.

"Mama, ni sampuli tu," Sidney akasema. "Uangalie vile imeshonwa, unirudishie."

"Ninaiangalia kutoka hapa. Inanuka kutoka hapa vilevile."

Simu ya Sidney ikalia. Huko benki walikuwa wanamsubiri kwenye mkutano, na kutoka Bellevue hadi Sandton saa ile ya asubuhi kila robot, ile taa ya njia panda, ni nyekundu. Akasema basi, atafua, mama amdai. Mama Thérèse akasema anamdai, kufua moja, na hasahau. Sidney akatundika mfuko kwenye msumari wa ukuta wa nje, juu ya sanduku la mita ya umeme, akaingia garini akaenda zake. Hiyo ilikuwa Agosti ya 2018, na mfuko ule ulikaa pale msumarini kwa wiki nyingi kuliko adabu inavyoruhusu.

Mama Thérèse alikuwa fundi cherehani. Alitoka Likasi mwaka 2004 na mkasi mmoja, tepu ya kupimia na mtoto wa kike ambaye sasa ameolewa Durban. Baraza yake ilikuwa ya nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba hadi sebule ikapata milango minne. Alikuwa na sheria mbili, ameziandika ukutani kwa chaki, Kiswahili juu na Kifaransa chini ili mtu asisingizie lugha: mkasi hauazimwi, na nguo ya kurekebisha ije imefuliwa. Sheria ya pili ilitoka kwenye mateso. Fundi anayefumua nguo za watu huyajua mambo ambayo hata wake zao hawayajui. Aliwahi kukuta mfupa wa kuku kwenye mfuko wa suti ya shemasi. Aliwahi kupokea sidiria yenye ukoko. Wengine kazi hii huwapa ugonjwa wa mgongo. Yeye ilimpa kichefuchefu, na alikuwa nacho kila siku kama mtu mwenye presha.

Ila jambo moja lilimfanya avumilie yote hayo: kazi yake haikuwahi kurudishwa. Si gauni, si suruali, si hata pazia. Kuanzia Joubert Park hadi Yeoville, Wakongo, Watanzania na Warundi walikuwa wanalijua hilo, na yeye alihakikisha wanalijua.

Sidney alikuja kwake kwa njia ya mkewe, Wamaitha, ambaye nguo zake za kanisani zilishonwa kwenye baraza ile. Sidney alikuwa katika kundi la watu kumi na wawili, wengi Wakenya wa maofisini, waliokuwa wakiendesha baiskeli kwenye barabara za changarawe katika hifadhi moja juu milimani, upande wa Drakensberg, mwendo wa saa nne kwa gari. Kaptura za kazi hiyo, za kubana, zenye sponji ya kukalia, dukani zilikuwa na bei ya suti. Mama awashonee kumi na mbili, nyeusi, na ukanda wa kijani na mwekundu pajani. Zikiwafaa, chama kizima cha watu arobaini kitafuata.

Mama Thérèse alisikiliza mambo hayo na uso wa mtu aliyeuma limau. Kaka yake Firmin alikuwa akisukuma baiskeli ya makala, yaani makaa, kutoka porini hadi sokoni Likasi, magunia manne, siku mbili njiani, barabara ya mawe na vumbi, na alikuwa akifanya hivyo kwa sababu watoto walikuwa wanakula. Sasa hawa, watu wenye magari ya viti vya ngozi, wanaamka alfajiri, wanalipa getini, ili wakafanyiwe na barabara yale yale Firmin aliyofanyiwa bure. Alimweleza Zubeda, na Zubeda akasema tajiri akikosa shida huenda kuinunua.

Zubeda ndiye aliyekuwa ameshika nyumba yote kwa mkataba, akipangisha chumba kimoja kimoja. Mwanamke wa Tanga, maneno laini, moyo wa karani. Wiki ileile alikuwa amemwambia Mama Thérèse, huku akimimina chai, kwamba Héritière msusi anaitaka baraza kuanzia tarehe moja Novemba, na Héritière ana wateja wanaojaa hadi uani. "Mimi sikufukuzi, shoga," alisema. "Ukiwa na kazi ya kuijaza baraza, baraza yako. Ukiwa huna, kuna kile chumba cha nyuma." Chumba cha nyuma hakikuwa na dirisha. Fundi asiyeonekana kutoka barabarani ni fundi aliyekufa, na asiyeona tundu la sindano ni hivyohivyo. Kwa hiyo kaptura za watu arobaini hazikuwa kaptura tu. Zilikuwa baraza.

Alianza. Alivaa glavu za kuoshea vyombo, akachukua koleo la jiko la makaa, akaitoa sampuli mfukoni kama anavyotolewa panya mtegoni, akaitandaza juu ya gazeti. Alipima kwa macho na kwa tepu isiyogusa: kiuno, urefu wa paja, lastiki ya chini. Alipumua kwa zamu, anageuka barabarani, anavuta hewa, anarudi. Ncha ya koleo ilimwambia kwamba katikati kuna sponji. Kuigeuza ndani-nje ili aone sponji imeshikwaje, hilo hakulifanya. Hakuliweza. Alitazama picha Sidney alizomtumia kwenye simu, akajiambia miaka yote hii sponji haijamshinda mtu, akairudisha msumarini.

Likabaki swali moja, nalo alilimeza kama kidonge kisicho na maji. Chini ya kaptura ile mtu anavaa nini? Kitambaa kilikuwa chembamba na cha kunata mwilini, kinaonyesha mtu alivyoumbwa na alivyokula. Alimpigia Sidney akamuuliza habari ya ndani. Sidney akakohoa, akasema Wamaitha atamwelezea. Wamaitha akasema atapita Jumapili. Jumapili akapita, akasifia pazia, akaondoka.

Fundi wa watu wazima akaamua mwenyewe. Yeye ni mama wa kanisa. Hawezi kupeleka wabatizwa kumi na wawili mlimani katika hali ile. Ndani ya kila kaptura akatia bitana, pamba nzito ya heshima, mfano wa chupi ya babu, na katikati akaipitishia mshono wa kukunja mara mbili, ule wa suruali ya kazi ya mgodini, usioachia hata ukifungia ng'ombe. Hakuongeza bei. Alipozikabidhi, Sidney aliingiza mkono ndani ya moja, akaugusa ule mshono, akafungua mdomo. Kisha akamtazama Mama Thérèse, mwanamke wa umri wa shangazi yake, miwani puani, rozari shingoni, akaufunga mdomo. Akasema asante sana.

Wakaenda nazo mlimani mwishoni mwa Septemba, ile wikiendi ndefu.

Jumanne Sidney akarudi. Alishuka garini taratibu, akapanda ngazi miguu imeachana kama mtu anayevuka mto asiloe. Mama Thérèse akamsogezea stuli. Akasema yuko sawa. Akamsogezea kiti chenye mto. Akasema amekaa sana ofisini, anapenda kusimama. Zubeda, aliyekuwa akianika nguo uani, aliacha kuanika.

"Mgeni wako ana majipu, shoga?" aliuliza, si kwa sauti ndogo.

Ilichukua muda. Sidney alisema hazikuwafaa. Mama Thérèse akauliza hazikufaa vipi, zimechanika? Hazikuchanika. Zilikuwa ndogo? Hazikuwa ndogo. Basi? Sidney akautazama mti wa jakaranda ulioko ng'ambo ya barabara, akasema zimewakwaruza. Wapi? Akaendelea kuutazama mti. Pale mtu anapokalia, akasema. Watu tisa kati ya kumi na wawili walishindwa kufika hata nusu ya njia, wakabebwa nyuma ya bakkie, ile pikapu ya kufuata waendeshaji, wamelala kifudifudi kama magunia ya unga. Mmoja alikwenda kwa daktari.

Kisha akaweka gunia sakafuni pa baraza, kaptura kumi na mbili, zote. Harufu yake ikatoka taratibu, ikamfikia Mama Thérèse, ikamfikia na Zubeda uani. Hazikuwa zimefuliwa.

Mama Thérèse alisogea hatua moja nyuma. Alitazama gunia. Kazi yake ilikuwa imerudi. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya soko zima, na aliyezishika nguo hizo akawa anazinusa. Zubeda alikusanya vibanio vyake, akasema kwa upole wote wa Tanga kwamba Héritière atapita Ijumaa kupima mahali pa kuweka vioo.

"Hiyo barabara," Mama Thérèse akamwambia Sidney. "Munipeleke niione."

Sidney akadhani amesikia vibaya. Akamwambia ni mbali, ni baridi, hakuna kitu cha kuona, ni mawe. Mama Thérèse akasema yeye hashoni nguo ya harusi bila kumwona bibi harusi. Kosa lake lilikuwa hilo, kushonea barabara ambayo hajawahi kukutana nayo. Na akamkumbusha, kwa kuwa wameshasimama hapo, kuhusu kufua moja anakomdai.

Jumamosi ya pili ya Oktoba alikuwa ndani ya bakkie, kitambaa kichwani, makoti mawili, kikapu cha chikwangue, ile mikate ya muhogo, na samaki mapajani kwa sababu hawezi kuamini chakula cha watu wa baiskeli. Dereva alikuwa Nkatha, Mmeru wa miaka arobaini hivi, anayefundisha hesabu chuo kikuu. Nkatha alikuwa mmoja wa wale tisa. Ngozi yake haikuwa imepona, kwa hiyo siku hiyo aliendesha gari, amekalia mto wa sofa. Hakuwa na kinyongo. Alimpa Mama Thérèse mkono, akamwita mum, akamwambia mshono wake ni imara sana, yeye ni shahidi.

Huko getini kulikuwa na ubao wenye ramani na njia tatu zimechorwa kwa rangi: ya kijani kilomita thelathini, ya buluu hamsini na tano, nyekundu tisini, inayopanda hadi karibu na ukingo wa miamba na kushuka upande wa pili. Milima ilikuwa imesimama kimya, vichwa vitupu, nyasi za manjano hadi magotini pake na theluji chafu kidogo kwenye mifereji ya juu. Mama Thérèse aliiona ni mizuri, kwa dakika moja. Kisha watu wakaanza kujiandaa.

Wanaume walibadilisha nguo nyuma ya taulo zisizotosha. Sidney, mtu wa mikutano, alichovya vidole kwenye kopo la mafuta meupe, akatazama huku na huku, akaupitisha mkono ndani ya kaptura yake ya zamani ya dukani, akajipaka kama unavyopakwa mkate siagi, na kwa mkono uleule akachukua ndizi. Mama Thérèse alifunga macho. Alipofungua, mwingine alikuwa anafyonza uji wa sukari kwenye pakiti ndogo, mwingine anapenga kamasi kwa kidole kimoja, bila kitambaa, upepo ukimsaidia. Msichana mmoja alikojoa nyuma ya mlango wa gari na akaendelea kuongea habari za mkopo wa nyumba.

"Hawa ndio wanaofanya kazi kwenye mabenki?" aliuliza.

"Na hospitali moja," Nkatha akasema.

Wakaondoka, bakkie ikafuata. Njia nyekundu ilianza kwa upole, udongo laini, kisha ikabadilika. Ilipita juu ya vyuma vya kuzuia ng'ombe, ikakata vijito vitatu, ikapanda. Changarawe ilikuwa ya mawe makali kama meno, na pale magari ya hifadhi yalipozoea kupita barabara ilikuwa imejikunja mawimbi madogo madogo, kama bati, kama ubao wa kufulia. Waendeshaji walitetemeka juu yake mashavu yote, ya juu na ya chini. Mama Thérèse alikuwa akitazama mgongo wa Sidney mbele yao, na chini ya mgongo, kwa jicho la kazi. Aliona kitu. Kaptura ya dukani ilikuwa imemshika kama ngozi ya pili, wala haikuonyesha mstari wowote. Hakuna pindo la chupi.

Akatazama mwingine. Hakuna. Akatazama yule msichana wa mkopo.

"Nkatha," alisema polepole. "Ndani wamevaa nini?"

Nkatha akabadilisha gia. "Hakuna, mum."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kitu. Ile sponji ndiyo kila kitu, inakaa kwa ngozi. Ukiweka nguo nyingine ndani, inakukata. Kila mtu anajua hiyo." Akamtupia jicho. "Kwani Sidney hakukuambia?"

Mama Thérèse aliomba gari lisimame. Akashuka, akatembea hadi ukingoni mwa barabara, akatema mate kuelekea bondeni, akafuta mdomo kwa ncha ya kitambaa. Alifikiria sampuli msumarini. Alifikiria koleo. Alifikiria ile siku aliyoitandaza gazetini kwa ncha ya chuma, halafu kuanzia mwanzo akafikiria kila kitu upya, na kila alipofikia mahali pabaya akakuta pabaya zaidi. Alipopanda tena garini Nkatha alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanaruka.

"Sidney hawezi kukuambia wewe neno kama hilo," Nkatha akasema. "Mama wa kanisa, na hiyo rozari? Bora atoke damu. Na alitoka."

"Na mimi sikuweza kugeuza uchafu wake nikaona." Mama Thérèse akafunga mlango. "Njo hivyo. Yeye heshima, mimi kinyaa. Matako ya watu yamelipa."

Mbele walipofika kwenye mawimbi tena, alifanya jambo ambalo Nkatha baadaye alilisimulia chuoni kwa wiki nzima. Alimwambia asimamishe tena, akahamia nyuma ya bakkie kwenye sanduku la vyuma la vifaa, akalikalia ukingoni, mguu mmoja huku mguu mmoja kule, makoti yake mawili yakipepea. "Endesha," akasema. Nkatha akaendesha. Kilomita mbili. Mama Thérèse alishika ubavu wa gari kwa mikono miwili, akauma meno, akaachia barabara imfundishe. Na barabara ilimfundisha bila haya, ilimwonyesha mfupa huu na ule, ilimwonyesha mshono wa sketi yake mwenyewe ulipo na jinsi unavyopanda na kushuka kama msumeno.

Hapo ndipo Firmin alipomjia akilini. Kaka yake alikuwa akiingia sokoni Likasi na magunia yake huku suruali ameivaa ndani-nje, mishono yote imetokeza, mifuko inaning'inia kama masikio ya mbuzi. Watu walikuwa wanamcheka. Yeye Thérèse, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa akijificha nyuma ya meza za samaki ili mtu asijue ni ndugu yake. Alimchukia kwa ajili ya suruali ile. Hakuwahi kumuuliza kwa nini. Firmin alikufa mwaka wa 1998, na jibu lake limekuja kufika huku, juu ya sanduku la spana, kwenye milima ya watu wengine.

Alipiga bati kwa kiganja, gari likasimama. Akarudi mbele. Alikaa upande.

Alipomrudisha Mama Thérèse barazani siku ileile, Nkatha alilichukua lile gunia nyumbani kwake, kwa aibu, akalileta Jumatatu limefuliwa lote na linanukia maua. Mama Thérèse akafumua bitana zote kumi na mbili. Lakini sponji bado ilikuwa fumbo kwake: imeshikwa wapi, mshono umejificha wapi, kingo zimekatwaje. Jibu lilikuwa nje msumarini, na mwenye jibu alikuwa amesafiri Nairobi kwa kazi za benki, harudi hadi siku ya kwenda tena mlimani. Héritière alikuwa amekuja kupima vioo. Alikuwa ameweka alama za penseli ukutani, moja katikati ya sheria ya mkasi.

Basi ile sampuli aliifua mwenyewe. Aliweka beseni uani mchana kweupe, watu wote wajue anachofanya, akavaa glavu, akajifunga kitambaa puani na kuchovya tone la mafuta ya mikaratusi kwenye kitambaa. Alipoufungua mfuko, miezi miwili na zaidi ya kufungwa ilimsalimia. Sponji ilikuwa imeota manyoya ya kijivu. Alikwenda pembeni akatapika chai, akarudi. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya supu. Ya pili alitia dawa ya kuua wadudu wa chooni. Ya tatu sabuni ya kipande. Zubeda alisimama mlangoni na kanga mdomoni, akasema baraza gani hiyo ya kuteseka namna hii. Mama Thérèse hakumjibu, kwa kuwa kujibu ni kuvuta pumzi.

Ilipokauka aliigeuza ndani-nje, kitu alichotakiwa kukifanya Agosti. Ilikuwa kazi ya fundi mwenye akili, alilazimika kukubali. Hakuna bitana. Sponji ya kipande kimoja, imekatwa umbo la kipepeo, imeshonwa kwenye kingo za nje tu, mbali na mahali pa kukalia, na mishono yote imelazwa upande wa nje. Suruali ya Firmin, kasoro mifuko.

Alishona siku tisa. Zile kumi na mbili alizitoa upya, mishono yote nje, akaifunika kwa utepe mwembamba wa kijani na mwekundu ili ionekane ni urembo. Jumamosi ya mwisho ya Oktoba walizivaa kwenye njia nyekundu, kilomita zote tisini. Yeye alikaa barazani, hakushona kitu, alisafisha mashine ambayo ilikuwa safi. Alasiri simu ikalia. Nkatha alikuwa ametuma picha bila maneno: watu kumi na wawili, wamejaa vumbi hadi kope, kwenye ukuta mrefu wa mawe karibu na geti la hifadhi. Wote wamekaa. Wamekaa kabisa, uzito wote, miguu inaning'inia.

Mama Thérèse alimpelekea Zubeda picha ile, akamwachia aitazame. Zubeda aliikuza kwa vidole viwili, akapita mtu mmoja mmoja kama anayehesabu kuku, akasema kumbe wana makalio ya kawaida. Jioni ile Héritière aliambiwa habari za gereji ya nyuma, yenye mlango mpana na mwanga mzuri kuliko baraza. Alama za penseli Mama Thérèse alizifuta mwenyewe kwa mkate mkavu.

Sidney alikuja Jumatatu, amesimama wima, anatembea kama watu. Alileta karatasi ya vipimo vya chama kizima, majina arobaini, na malipo yote ya zile kumi na mbili. Aliketi kwenye stuli kabla ya kukaribishwa. Alisifia. Alisema watu wanauliza fundi ni wa nchi gani. Kisha akashika karatasi vizuri, akasema kwamba siku ile, Septemba, alipougusa ule mshono, alijua. Alijua na akashindwa kusema.

"Ningekuambiaje, Mama?"

"Kwa mdomo," akasema Mama Thérèse. "Na ya kwako iko wapi?"

"Gani?"

"Uliyovaa Jumamosi."

Sidney aliangalia gari lake, na hasa upande wa nyuma wa gari lake, na Mama Thérèse akaona jibu likipita usoni pake kama kivuli.

"Eish," akasema Sidney.

"Ilete."

Alikwenda, akaileta kwenye mfuko wa plastiki, akiushika mbali na suti. Mama Thérèse hakuushika. Alimwonyesha bomba la uani kwa kidole, beseni, sabuni ya kipande juu ya jiwe. Akamwambia anamdai kufua moja tangu Agosti, ile ya kwanza alimfulia yeye, hapo palipo na doa, na hapo ndipo alipotapika. Sidney alivua koti, akalitundika kwenye msumari ule ule juu ya mita. Akavua saa. Akakunja mikono ya shati, akachuchumaa.

Alikuwa hajui kufua. Alikuwa anaipapasa kama anaosha zabibu. Wapangaji wawili walitoka na vikombe vyao, Zubeda akaleta kiti. Mama Thérèse alimwelekeza kutoka ngazini: geuza ndani-nje, hapo, na ngumi, si vidole, badilisha maji, bado, badilisha tena. Maji ya tatu yakatoka meupe. Sidney aliisuuza, akaikamua, akampandia ngazi akiishika kwa mikono miwili, magoti ya suruali yake yamelowa.

Mama Thérèse aliipokea kwa mikono mitupu. Akaigeuza, akaitazama mishono yake, akaisogeza puani, akavuta pumzi ndefu mbele ya watu wote.

"Imekwisha," akasema. "Sikudai."

Akaianika mwenyewe kambani, upande wa barabarani, kwa vibanio vinne.